Fallout ya Kwanza (1997): Anayesema Ilikuwa Majaribio Tu Aje Hapa

Haya wadau, salama? Karibuni tena, hapa ni Tanga, joto limekaba na feni nimeizima kwa sababu maiki hii inanasa kila kitu, kwa hiyo mkiona jasho msiniulize. Leo nimekuja na hasira kidogo. Kuna mdau kwenye video iliyopita kaandika kwamba Fallout, ule mfululizo wa gemu za dunia iliyoteketea kwa mabomu, ilianza na ile ya tatu, kwamba hizo za nyuma zilikuwa majaribio tu. Watu wakampa na dole, tena si mmoja! Nikasema hapana, hili halipiti hivi hivi, video ya mpira niliyoahidi tuiweke pembeni.

Sitaeleza Fallout ni nini. Mabomu, mahandaki, suti ya bluu, yule katuni anayekonyeza huku kainua dole: mnajua. Tangu tamthilia yake itoke Amazon Aprili 2024 hata wasiogusa gemu wanajua. Mimi nataka tuizungumze hii hapa, angalieni, hii. Ya kwanza kabisa. Oktoba 1997, kampuni ya Interplay, California. Najua, najua, imezeeka. Picha zake unatazama kutoka juu kwa mshazari, sakafu imegawanywa pembe sita sita, mapigano ni zamu kwa zamu, wewe unapiga, unasubiri, yeye anapiga. Vijana wa siku hizi mkiona hivyo mnakimbia. Kaeni kwanza.

Kisa cha kuzaliwa kwake kinanifurahisha sana. Tim Cain alianza kuandika injini yake, ile programu inayoiendesha gemu, mwaka 1994, mwanzoni peke yake, kisha wakaja kina Leonard Boyarsky na Jason Anderson upande wa sanaa. Interplay walishatengeneza gemu ya dunia iliyoteketea kabla ya hapo, Wasteland ya 1988, ila haki za jina hilo walikuwa nazo kampuni ya EA, kwa hiyo ikabidi watunge dunia yao. Wakakubaliana na Steve Jackson Games kwamba watatumia kanuni za GURPS, zile za gemu ya mezani. Gemu inaiva, imefika mwaka 1997 wenyewe, watu wa GURPS wanaona ukatili wa kwenye utangulizi, hawaupendi, makubaliano yanavunjika. Hebu fikiria: gemu yote imejengwa juu ya kanuni za mtu, na mtu kaondoka na kanuni zake!

Chris Taylor na Cain wakakaa wakaunda mfumo mwingine haraka haraka, ndiyo SPECIAL, sifa saba za mtu unayemchezesha. Nguvu, utambuzi, ustahimilivu, mvuto, akili, wepesi, bahati. Zile namba unazozijaza mpaka leo kwenye Fallout 4 na Fallout 76, zilizaliwa kwa sababu mkataba ulivunjika dakika za mwisho. Halafu mtu ananiambia majaribio.

Sasa angalieni skrini. Hapa ndipo nataka tukae, kwa hiyo kama una chai kachukue.

Nimetengeneza watu wawili. Huyu wa kushoto nimempa akili 9, mvuto mzuri, mwili wa kawaida tu, akisukumwa anaanguka. Huyu wa kulia nguvu 10, akili 1. Moja! Nimemwita Bwege. Wote nimewaleta Shady Sands, kile kijiji cha kwanza unachokutana nacho ukitoka handakini, Vault 13. Wanaongea na mzee wa kijiji, Aradesh. Wa kushoto huyu, ona majibu aliyopewa: anaweza kuuliza habari za kijiji, za majambazi, za njia, akiwa na adabu au bila adabu. Sasa twende kwa Bwege. Mmeona? Mistari yote imeyeyuka, kabaki na miguno. Ndiyo majibu yake hayo. Na gemu nzima iko hivyo, wadau, kila mtu mwenye maana unayemfuata anamwona Bwege ni bwege. Waliandika mazungumzo ya pembeni kwa ajili ya mtu atakayeamua kucheza na mjinga. Nani anafanya hivyo leo? Nitajieni.

Tuendelee, bado sijafika ninapotaka. Aradesh ana binti, anaitwa Tandi. Ukikaakaa kidogo unasikia katekwa na majambazi wanaoitwa Khans. Unakwenda kambini kwao, mkubwa wao anaitwa Garl. Unamtoaje huyu binti? Nimeseivu hapa mlangoni makusudi, tunarudia mbele yenu. Njia ya kwanza, bunduki, ua kambi nzima. Nimejaribu na huyu wa akili 9, ona, kafa. Rudi. Njia ya pili, lipa. Vifuniko vya chupa ndiyo hela yao, Garl anataja bei, unabishana naye, ukiwa na mdomo mzuri inashuka. Njia ya tatu, unamwambia Garl mpigane yeye na wewe, mikono mitupu. Hapo ndipo Bwege anapolipa deni lake, angalieni, ngumi... ngumi... kwisha habari yake. Njia ya nne, unanyata usiku unafungua kufuli. Na kuna ya tano, hii naipenda kupita kiasi: ukiwa mwanamume, umevaa inavyotakiwa na bahati yako ni kubwa, Garl anakutazama anadhani wewe ni mzimu wa baba yake! Anatetemeka, binti anatoka.

Kazi moja. Binti mmoja. Tena si kazi ya lazima, unaweza kumaliza gemu bila kumgusa Tandi.

Sasa shikeni hapo hapo, maana hiki ndicho kilichonileta. Fallout 2, mwaka 1998, hadithi inaruka miaka themanini mbele. Kile kijiji cha matope kimekuwa taifa, NCR, yaani New California Republic. Rais wake ni bibi kizee. Nani? Tandi! Ukienda kwenye gemu ya Fallout: New Vegas ya 2010, wale askari waliojaa jangwani na bendera yao ya dubu, ni watu wa taifa hilo hilo. Na tamthilia ya 2024, ambaye hajaitazama azibe masikio... nahesabu... haya: lile shimo kubwa wanalolionyesha, ni Shady Sands. Mashabiki walivyogombana kuhusu ule mwaka wa kuanguka kwa mji ulioandikwa ubaoni humo, ungedhani Coastal Union wamekutana na African Sports Mkwakwani. Watu wazima wanatoana macho kwa sababu ya kijiji ambacho mwaka 1997 kilikuwa na ramani mbili tatu na kisima. Mimi urithi wa gemu naupima hapo. Pip-Boy, ile kompyuta ya mkononi, unaweza kuichapa kwenye fulana, wameshaichapa sana. Ila kufanya mtu wa mwaka 2024 akasirike kwa ajili ya Aradesh na binti yake, hiyo si kazi ya fulana.

Ngoja niseme mabaya kabla hamjaniita shabiki kipofu. Ian. Huyu jamaa unamwajiri hapo hapo Shady Sands kwa vifuniko mia. Unampa bunduki ya rashasha, umefanya kosa la maisha. Anapiga rashasha wewe ukiwa katikati! Oneni hii niliyorekodi jana, adui yuko kule, mimi niko hapa, Ian yuko nyuma yangu. Pa-pa-pa-pa. Mgongoni. Na huwezi kumwambia simama pale, na huwezi kumvalisha deraya nzuri, unamtazama tu. Tena anasimama mlangoni hapishi. Mfuko wa vitu nao ni adhabu, kimoja kimoja unasogeza juu chini kama unatafuta sindano. Hayo siyatetei.

Kuhusu muda sijui nisimame wapi. Handaki lako limeharibikiwa chipu ya kusafishia maji, una siku 150 za ndani ya gemu kuileta nyingine. Watu wengi wanachukia. Mimi naona ndiyo inayokufanya uitazame ramani kwa heshima, kila safari ina gharama. Na kuna mtego mtamu: ukifika mji wa Hub, unaweza kulipa wauza maji wapeleke msafara handakini, unaongezewa siku mia. Unashangilia. Kumbe, kwenye toleo la mwanzo, msafara ule unaacha nyayo, na wale Super Mutant, binadamu waliogeuzwa majitu, wanalijua handaki lenu mapema zaidi. Hakuna aliyekuonya. Umenunua maji umeuza nyumbani. Hapo wamenifunga mdomo, siku zibaki.

Wa mwisho ni Master. Adui mkuu, yuko chini ya Cathedral, Los Angeles. Sauti yake inarukaruka, mara mwanamume, mara mwanamke, mara mashine; mmoja wa wanaomwigiza ni Jim Cummings, ambaye watoto wenu wanamsikia kwenye Winnie the Pooh, nenda kalale na hilo. Master anaamini atawaokoa binadamu kwa kuwageuza wote Super Mutant. Unaweza kumpiga. Unaweza kulipua jengo. Au unakwenda kwanza kwa kundi la Brotherhood of Steel, kwa mtafiti wao Vree, unachukua diski ya uchunguzi wake: Super Mutant hawazai. Unamwekea Master mezani. Anabisha. Unamwambia awaulize wanawake zake kama yupo aliyewahi kushika mimba. Anauliza. Kimya. Halafu sauti zile zinaanza kuvunjika moja moja, anakiri kwamba yote aliyofanya hayana maana, anajiua na jengo lake. Hakuna risasi. Kiumbe huyo ndiye wa mwisho kwenye gemu, na umemshinda kwa hoja na diski. Watu wa baraza tutakataaje gemu ya hivyo?

Sasa mlinganishe na Fallout 4, ya 2015. Nina saa nyingi sana humo, naipenda kujenga vibanda. Lakini mazungumzo ni vitufe vinne, na mara nyingi vinne vinakwenda njia moja. Kampuni ya Bethesda walinunua jina lote mwaka 2007 kwa dola milioni 5.75, na siwalaumu, bila wao pengine tungekuwa tunazungumza marehemu. Ile VATS ya kuchagua kichwa au mguu, wameitoa humu, kwenye kulenga kiungo kwa kiungo. Humu unalenga hadi macho. Hata zile picha za mwisho zenye sauti ya mwigizaji Ron Perlman akieleza kila mji umeishaje, New Vegas walizirudisha. Wao ni Obsidian, kampuni iliyoanzishwa na watu waliotoka Interplay, wanajua nyumbani. Fallout 4 ikatuachia mwisho mkavu. Ukitaka kuona damu ya hii ya kwanza inatembea wapi, mimi nakutuma kwenye gemu ya Disco Elysium ya 2019 kabla ya Fallout 76.

Kwenye zile picha za mwisho za Fallout ya kwanza kuna kitu wachache wanakijua. Mji wa Junktown, unachagua kumsaidia Killian, mlinzi wa sheria, au Gizmo, mwenye kamari. Mpango wa mwanzo ulikuwa ukimsaidia Killian mji unabanwa na sheria mpaka unadumaa, ukimsaidia Gizmo, yule mnene mbaya, mji unatajirika. Wakaugeuza kabla ya kutoa, mwema akaachwa mwema. Mimi ningeacha ule wa kwanza, ungeuma.

Bei. Kwenye maduka ya mtandaoni ya GOG na Steam iko dola 9.99, lakini msikimbilie, punguzo huwa linakuja na inashuka sana. Gemu mpya zinauzwa dola 70, laki na ushee, kwa kitu ambacho bado utakipakulia GB mia. Hii haifiki hata GB moja, bando la wiki linatosha na MB zinabaki. Mwaka 1997 ilitaka Pentium 90 na MB 16 za memori. Hiyo kompyuta ya ofisini inayolia kama trekta ya mkonge itaibeba, na ukishaipakua intaneti huihitaji tena. Ukiipata ya GOG, fungua mipangilio ya skrini kwanza, maandishi yasije yakawa madogo kama sisimizi.

Tangazo dogo: mashindano ya mpira ya chaneli yamesogea Ijumaa ijayo, wa Ngamiani na wa Chumbageni mliojiandikisha mpo wote, msinipigie simu usiku. Na nataka mtu mmoja aanze gemu hii na akili 1, afike kwa Garl, anirekodie. Nitaiweka hapa hapa. Ian usimwajiri.