Mfumo wa kufuatilia wagonjwa kazini: hata pole sikuambiwa

Hasira hii nimekaa nayo muda sasa, acha niitoe.

Mwajiri wetu ana mkataba na kampuni moja (jina silitaji) inayofuatilia wafanyakazi walio kwenye likizo ya ugonjwa. Unapeleka ED yako (karatasi ya daktari ya kukupumzisha kazi), inaingizwa kwenye mfumo, mfumo unapanga nani apigiwe simu kwanza, nani apewe usafiri wa kliniki. Tulipoelezwa nilifurahi. Afisa utumishi wetu ni mmoja, asingeweza kutukumbuka wote.

Mimi nilivunjika paja nyumbani, nikawekewa chuma MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, nikapewa ED ndefu. Ikafika kama wiki ya sita hivi, hakuna aliyenitafuta. Nikapiga mwenyewe kuomba usafiri, maana bajaji kutoka Mbagala mpaka Muhimbili na mguu haukunjiki ni mateso. Akapokea kijana. Salamu hakuna. Akataka namba ya mfanyakazi, nikasikia anabonyezabonyeza, kisha: "Mama, kwenye mfumo uko kundi la chini. Huna uhitaji mkubwa." Nikamwambia, mwanangu, natembelea magongo, hata chooni nasindikizwa. "Ndivyo mfumo unavyoonyesha." Akakata.

Hakusema pole! Ukijikwaa barabarani, mpita njia asiyekujua anakwambia pole. Huyu alikuwa na ED yangu mbele yake, imeandikwa paja limevunjika, neno hilo moja likamshinda.

Nilimbana afisa utumishi mpaka akanieleza. Wanatumia kanuni inaitwa Bradford: idadi ya mara ulizokosa kazi unaizidisha kwa yenyewe, halafu unazidisha kwa jumla ya siku. Mimi nimekosa mara moja tu, siku 42, alama zangu 42. Mwenzangu wa meza ya pili, ambaye sina ugomvi naye, alikosa mara sita kwa homa na tumbo, jumla siku 8. Sita mara sita 36, mara 8, alama 288. Yeye akawekwa juu, mimi chini. Hesabu hiyo kazi yake ni kumwonyesha mwajiri usumbufu wa watu wanaokosakosa kazini. Haipimi nani anaumia. Wao wameichukua hivyohivyo wakaiita msaada kwa mgonjwa.

Hapo ningesema kampuni hii isipewe kazi tena popote. Lakini lazima niseme na hili. Kama wiki tatu baadaye alinipigia muuguzi wa kampuni hiyohiyo. "Shikamoo mama. Pole sana, mguu unaendeleaje?" Akasema mfumo umemletea jina langu kwa sababu nakaribia siku ya 63. Sikujua maana yake. Kumbe Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu. Ningefika mwisho wa mwezi nikute nusu, na ada ya mtoto sijalipa. Akanishauri nimuulize daktari kama naweza kuandikiwa kazi nyepesi ya kukaa, akaongea na ofisi, na usafiri nikapata. Niliweka simu chini nikalia.

Kwa hiyo siwezi kusema takwimu hazina faida. Siku zangu zilihesabiwa na mtu akashtuka kwa wakati. Nilikuja hapa kuipa kampuni nyota moja, nikaweka tatu.

Ila nikakumbuka jambo jingine alilonieleza muuguzi: namba yangu alikuwa nayo tangu wiki ya kwanza. Hakuruhusiwa kupiga mpaka mfumo umpe jina. Wiki zote zile nalala naangalia dari, mtu wa kunisaidia yupo, ana simu mkononi, anangoja alama zangu zipande!

Nimefuta zile tatu. Nabakiza moja, na hiyo ni ya muuguzi. Kampuni isiihesabu kuwa yake.