Ukaguzi wa afya wa 715, Australia: vipimo safi, ufuatiliaji ndio mtihani

Namba 715 inatokana na orodha ya malipo ya Medicare, bima ya afya ya umma ya Australia. Ni ukaguzi wa afya wa Waaborijini na wenyeji wa visiwa vya Torres Strait, yaani wenyeji wa asili wa Australia, wa umri wowote, na unaweza kurudiwa baada ya miezi 9. Mgonjwa halipi chochote kwenye zahanati zinazoendeshwa na jamii zenyewe (ya kwanza ilianza Redfern, Sydney, mwaka 1971), wala kwa daktari wa kawaida anayeilipisha Medicare moja kwa moja. Unapoweka miadi, uliza jambo hilo kwanza.

Kwa wanaume, sehemu yenye thamani kubwa ni figo, sukari na moyo. Damu hupimwa HbA1c (wastani wa sukari wa miezi michache iliyopita) na uchujaji wa figo; mkojo hupimwa uwiano wa albumini (protini) na kreatinini (taka ya mwili). Hapo kwenye mkojo ndipo uzembe huanzia. Sampuli bora ni ya asubuhi, mkojo wa kwanza, lakini wengi hupimwa mchana kwa sababu hakuna aliyewapa kichupa mapema. Mazoezi mazito ya jana yake au maambukizi ya njia ya mkojo hupandisha albumini, kwa hiyo jibu moja baya halitoshi kumwambia mtu figo zake zimeharibika. Kipimo hurudiwa ndani ya miezi mitatu. Hesabu ya hatari ya moyo kwa jamii hizi huanza kwenye umri wa miaka 30, mapema kuliko kwa Waaustralia wengine, na daktari akisema "bado kijana", mkumbushe hilo.

Maswali ya nguvu za kiume, usingizi, pombe na huzuni ndiyo hurukwa. Kupungua kwa nguvu za kiume kunaweza kutangulia ugonjwa wa moyo, hivyo kuliruka swali hilo kwa aibu ni kupoteza dalili ya bure. Omba mhudumu mwanaume. Ni ombi la kawaida kabisa huko. Tena, katika mji mdogo mhudumu anaweza kuwa shemeji au binamu yako: una haki ya kuomba mwingine bila kueleza sababu.

Kasoro kubwa huja baada ya hapo. Zahanati inaweza kujaza fomu, ikalipwa, na mgonjwa asipate hata nakala. 715 bila mpango wa hatua zinazofuata ni karatasi tu. Kabla ya kuondoka, hakikisha unajua nani atakupigia kuhusu majibu, na lini. Ukaguzi ukikamilika, muuguzi au mhudumu wa afya wa Kiaborijini anaweza kukufuatilia hadi mara 10 kwa mwaka chini ya Medicare, na daktari anaweza kukupa rufaa kwa mtaalamu wa miguu, lishe au mazoezi. Uliza pia kama umesajiliwa kwenye mpango wa Closing the Gap wa dawa. Usajili ni wa mara moja na hupunguza au hufuta mchango wako pale duka la dawa.

Watoto nao wana 715 yao. Zahanati inayompangia baba na wanawe siku moja inastahili sifa, maana mwanaume anayeahirisha miadi yake mwenyewe hukubali kuwapeleka watoto.

Kwa dhiki isiyoweza kungoja miadi, simu ya msaada ya 13YARN (13 92 76) hupokelewa saa 24 na Waaborijini na wenyeji wa Torres Strait.