Jiko la presha la umeme baada ya mwaka mmoja na nusu

Tuliponunua jiko la presha la umeme la lita 6, lenye nguvu ya wati 1,000, mama mkwe alikataa kulitumia, kwani nyumbani kwetu Dar es Salaam umeme ulihesabiwa kuwa ni wa taa, friji na pasi, na kupikia maharage kwa LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla ya kutumia, kulionekana kuwa ni kuteketeza fedha. Nilizima vifaa vingine vyote, nikasoma mita kabla na baada ya mapishi: nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa usiku kucha iliiva kwa dakika 40 bila kufikisha nusu yuniti, kwa sababu chombo kilichofungwa hupoteza joto kidogo sana na, presha ikishafika, umeme huwaka kwa vipindi tu. Tangu siku hiyo mama mkwe ndiye anayesoma mita, na mkaa tunaununua kwa ajili ya kuchoma samaki na mahindi. Hata watoto, ambao zamani waliwasha pasi kila asubuhi kwa shati moja, sasa hunyoosha sare za wiki nzima kwa mkupuo mmoja, jambo ambalo sikulitarajia.

Kasoro zipo. Chapati na ugali vinahitaji jiko jingine, umeme ukikatika chakula husubiri, na mpira wa mfuniko ulilegea kabla ya mwaka kwisha, nami nikahangaika wiki tatu kuutafuta mwingine wa kipimo kilekile. Kwa familia ya watu sita ninalipendekeza kwa moyo wote, ila mnunuzi adai mpira wa akiba kabla ya kulipa.