Kamusi ya Python kwenye majina ya wilaya za Dodoma: nyota nne kati ya tano

Faili la mazao likishapita mikononi mwa makarani watatu, Mpwapwa inakuwa "MPWAPWA", "Mpwawpa", na "mpwapwa " yenye nafasi mwishoni. Msururu wa if na elif unaweza kurekebisha, ila baada ya majina kumi hakuna atakayeweza kuusoma. Kamusi, ambayo lugha ya programu ya Python huiita dict, huoanisha ufunguo (jina lililokosewa) na thamani (jina sahihi). Orodha ya majina ikiwa kwenye wilaya, inamaliza kazi kwa mistari miwili:

sahihi = {"mpwapwa": "Mpwapwa", "mpwawpa": "Mpwapwa", "dom mjini": "Dodoma Jiji"}
safi = [sahihi.get(w.strip().lower(), w) for w in wilaya]

Hapo strip huondoa nafasi za pembeni, lower hufanya herufi zote ndogo; bila hizo utajaza kamusi funguo zisizo na maana. Ile w ya pili ndani ya get inasema: lisilojulikana libaki lilivyo. Ukiandika sahihi[w], programu inakufa kwa KeyError (kosa la ufunguo usiokuwepo) kwenye jina la kwanza lisilomo. Kwa orodha ya malipo, heri ife kuliko jina bovu lipite kimya. Epuka sahihi.get(w) or w: thamani ikiwa 0 au maandishi matupu, Python inaihesabu kama haipo na kukurudishia la zamani.

Kuchuja nako ni kwepesi: [w for w in wilaya if w in sahihi]. Ila hapo in hutazama funguo, si thamani. Ukitaka majina yaliyokwisha kusafishwa, tengeneza set(sahihi.values()) kwanza, kisha chuja kwa hiyo. Usifute kwa remove ukiwa katikati ya for juu ya orodha ileile. Kila ukifuta kimoja, kinachofuata kinarukwa.

Kwenye pandas, maktaba ya Python ya kushughulikia majedwali, map huweka NaN (alama ya thamani isiyopo) pale ufunguo unapokosekana, replace huacha jina lilivyo. Wengi huzichanganya, kisha wanashangaa nusu ya safu imetoweka. Tena msimbo wa mkoa wa Dodoma kwenye sensa ni 01. Ukipitia Excel hubaki 1, na ufunguo "01" hauoni kitu. Soma faili la awali moja kwa moja kwenye pandas kwa dtype=str, ili kila kitu kibaki maandishi. Ufunguo ukirudiwa ndani ya kamusi, wa mwisho ndio unaoshinda, bila onyo lolote.

Nyota ya tano imepotelea Dodoma Vijijini. Wilaya hiyo iligawanywa 2007 kuwa Bahi na Chamwino, na Chemba ikamegwa kutoka Kondoa 2012. Ufunguo mmoja hutoa jibu moja tu, kwa hiyo data ya zamani ukiipeleka yote Chamwino utakuwa umeifuta Bahi. Dawa ni kufanya jozi ya wilaya na kata iwe ufunguo:

kata = {("dodoma vijijini", "mvumi mission"): "Chamwino", ("dodoma vijijini", "mundemu"): "Bahi", ("kondoa", "farkwa"): "Chemba"}

Tumia mabano ya duara. Ya mraba yanatengeneza orodha, na orodha haikubaliki kuwa ufunguo, utapata TypeError. Kuandika mstari wa kubadilisha ni dakika moja. Kuorodhesha kata zote na kuhakiki kila moja iko wilaya gani ni siku nzima, na hiyo Python haikufanyii.