Kisu cha kwanza cha kambi: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Miongozo mingi ya visu vya kambi inakuhimiza ununue chuma kinene, cha kupasulia magogo. Ushauri huo unawafaa watu ambao kwao panga si chombo cha kila nyumba. Kwetu panga lipo, na kuni ni kazi yake. Kisu cha kiunoni kinabakiwa na kazi nyingine: kukata kamba ya hema, kumenya viazi, kukatakata nyanya na vitunguu, kuchonga kigingi, kuparua kijiti kikavu upate vipande vyembamba vya kuwashia moto. Kwa kazi hizo ubapa wa sentimita 9 hadi 11, wenye unene wa milimita 2.5 hivi, unatosha kabisa. Kinene zaidi ya hapo kinaipasua karoti badala ya kuikata. Na kama safari yako ni ya Kilimanjaro, kule moto wa kuni ni marufuku, kwa hiyo kisu chako kitakuwa cha jikoni tu.

Chagua kisu kisichokunjwa, kwa sababu hakina kiungo cha kulegea au kujaa mchanga, hakiwezi kukufungia vidole, na kukiosha ni mara moja.

Nafasi ya kwanza naipa Morakniv Companion ya stenlesi, kutoka mji wa Mora, Uswidi. Ubapa wake ni kama sentimita 10, mpini una mpira usioteleza mkono ukilowa, na Marekani huuzwa kwa kawaida kati ya dola 15 na 25. Huku kwetu bei hupanda kwa usafiri, lakini bado inastahili. Kinachonifanya nikipende zaidi ni namna kinavyonoleka. Makali yake yana mteremko mmoja mpana kila upande. Unaulaza mteremko huo juu ya jiwe mpaka usione mwanga chini yake, unasukuma kama unayetaka kukwangua jiwe, unageuza upande wa pili. Hakuna pembe ya kukisia, ndiyo maana anayeanza hujifunza haraka. Udhaifu wake ni msuka, yaani kile chuma kinachoingia ndani ya mpini: haufiki mwisho. Usikitumie kubandulia vitu.

Kuna Companion ya chuma cha kaboni pia. Inanoleka upesi zaidi, lakini ukikatia limau au embe na kuiacha hivyo inabadilika rangi, na unyevu wa chumvi wa Pwani utaipa kutu. Mkazi wa Tanga, Mombasa au Unguja achukue stenlesi.

Nafasi ya pili nawapa wahunzi wetu. Kamukunji jijini Nairobi, Gerezani jijini Dar es Salaam, na katika masoko mengi ya wilayani, utapata kisu kilichofuliwa kwa springi ya gari, na unaweza kuagiza urefu unaoutaka. Springi ni chuma kizuri. Mashaka yapo kwenye moto na maji ya mhunzi, yaani namna alivyokikaza chuma hicho. Kwa hiyo nenda na tupa ndogo. Ipitishe taratibu kwenye makali: ikiteleza, chuma kimeiva, ikiuma na kutoa unga kwa urahisi, makali yatalala siku ya kwanza. Kisha kishike kisu makali yakikutazama, juani. Panapong'aa kama uzi mweupe, hapo ni butu. Mwambie mhunzi akipunguze unene kuelekea makali, maana wengi huviacha vinene mno. Usisahau ala: kigeuze kisu juu chini kikiwa ndani yake na ukitikise. Kikianguka, tafuta ala nyingine kabla ya kukivaa.

Nafasi ya tatu ni Morakniv Garberg, ambayo msuka wake unapita mpini wote na unene ni milimita 3.2. Ni kisu imara sana, ila bei yake ni mara kadhaa ya Companion. Kinunue baadaye.

ESEE 4 ya Marekani inafuata. Ni ya chuma cha kaboni, nene karibu milimita 5, na kampuni inaidhamini maisha yote. Kwa anayeanza ni nzito na ghali.

Vya mwisho kabisa ni vile vyenye meno mgongoni, dira kwenye kitako na mpini mtupu wa kuwekea viberiti. Mpini huo ndio unaovunjika, na ubapa ukichomoka mkono ukiwa na nguvu unaweza kukukata vibaya mbali na zahanati. Kisu kidogo cha jikoni chenye ala ya kadibodi nene ni salama kuliko hivyo.

Kwenye ndege kisu kinakaa katika mzigo unaoukabidhi, si wa mkononi. Na mjini kiwe ndani ya begi mpaka mfike mnakoanzia kutembea.