Kipimajoto cha nyama kisicho na waya: kipi kinatufaa Unguja na Pemba

Kuku wa makaa hudanganya kwa rangi. Ngozi ikishaiva na harufu ya thomu na ndimu ikatanda uwani, kila mtu husema tayari, na huku nyama iliyoshika mfupa wa paja bado haijapata moto wa kuua vijidudu kama Salmonella. Idara ya Kilimo ya Marekani inataka kuku afike nyuzi 74 za Selsiasi ndani, nyama ya kusaga (kababu zetu zimo humo) 71, na kipande kizima cha mbuzi au ng'ombe 63, kisha kipumzike dakika 3. Jicho halisomi nambari hizo. Anayepikia harusi au wageni wa Idi, naomba asitegemee jicho.

Kabla ya kutoa pesa, jiulize unachoma nini. Ukiwa mtu wa mishkaki, acha habari ya visivyo na waya. Kipande cha mshkaki ni kidogo mno, sindano ya kifaa, ile ncha ya chuma inayopima joto, haipati pa kuzama. Nunua kile cha kukunja, unadunga ncha kwenye nyama na kusoma papo hapo. Ni rahisi, kinaingia mfukoni, na hata mwenye kifaa cha ghali atakihitaji kuhakikisha sehemu ya pili ya nyama. Pweza naye hahitaji chochote kati ya hivi.

Kwa kuku mzima, paja la mbuzi au bega la ng'ombe, mpangilio wangu ni huu.

Cha kwanza ni kile cha redio: sindano zina waya mfupi unaoingia kwenye kisanduku kando ya jiko, na kisanduku hicho hupeleka nambari bila waya kwenye kingine unachotembea nacho. ThermoPro TP20 na ThermoWorks Smoke ni za namna hii, kila moja na sindano 2. Nakiweka juu kwa sababu ya majumba yetu. Kuta za Mji Mkongwe ni nene, za mawe na chokaa, na Bluetooth, inayotumiwa na vifaa vya kusomwa kwa simu, hufia ukutani. Mawimbi ya redio ya vifaa hivi hupenya vizuri zaidi. Havitaki simu wala intaneti, na betri zake ni za kawaida, za kununua dukani. Moto unauma waya na ncha ya chuma tu. Mitambo yenyewe imekaa mbali. Udhaifu uko kwenye maungio ya waya na sindano: maji yakiingia hapo, nambari zinapotea. Kwa hiyo futa kwa kitambaa chenye sabuni, usitumbukize kwenye beseni.

Cha pili ni Inkbird IBT-4XS, kwa mwenye biashara. Ina sindano 4, ya kuchaji, na inasomwa kwa simu kupitia Bluetooth. Anayesimama mbele ya jiko lake usiku kucha kama wachomaji wa Forodhani hana ukuta wa kumsumbua, na kupima kuku wanne kwa pamoja ni faida ya wazi.

Cha tatu, MEATER Plus. Ni sindano moja isiyo na waya kabisa, nzuri kutazama, na ndicho wengi wanachokitamani. Kwenye jiko la mfuniko, moto ukiwa upande mmoja na nyama upande wa pili, kinafanya kazi vizuri. Lakini sisi wengi tunachomea seredani, makaa wazi chini ya nyama. Sehemu ya nje ya sindano hiyo inavumilia nyuzi 275, na juu ya makaa mekundu joto hupita hapo kwa urahisi. Ikiungua, umepoteza kifaa chote. Kama umekipenda, zamisha hadi alama yake na ulaze nyama mbali na moto.

Vya Wi-Fi sivipi nafasi. Umeme ukikatika, mtandao wa nyumbani unazima na nambari haziji tena kwa Wi-Fi, na makaa yanaendelea kuwaka.

Kikifika, kijaribu. Ponda barafu, tia maji kidogo, koroga: kisome 0. Maji yanayochemka yasome 100, maana tunaishi usawa wa bahari. Angalia pia alama ya Selsiasi, kwani vinavyotoka Marekani mara nyingi huja kwenye Farenhaiti, na 74 ya huko ni nyama mbichi.

Ncha iingie pale nyama ilipo nene kabisa, isiguse mfupa. Paja la mbuzi likifika karibu na nyuzi 70 huweza kusimama hapo muda mrefu, kwa sababu jasho la nyama linaipoza. Usiongeze makaa kwa hamaki. Ukitaka nyama ichambuke kwa vidole, ngojea 93.