Penseli ya nyusi ya NYX kwa nywele namba 30, 350, 99J na 613

Ukisuka rasta namba 350 (namba ya rangi iliyo kwenye pakiti) halafu nyusi ukazichora kwa wanja ule ule mweusi wa siku zote, uso unabaki na mistari miwili ya makaa chini ya nywele za rangi ya shaba. Ndiyo maana kitu cha kwanza kubadilishwa ni penseli ya nyusi, wala si faundesheni. Tunayoipima hapa ni Micro Brow Pencil ya NYX.

Ni penseli ya kuzungusha, haichongwi. Upande mmoja una ncha nyembamba, upande wa pili brashi ya kuchania. Ujazo wake ni gramu 0.09 tu, na hilo ndilo lalamiko letu la kwanza: anayejaza nyusi nzima kila asubuhi ataimaliza upesi. Uzuri wake uko kwenye kuchora unywele mmoja mmoja na kuziba mapengo baada ya kutinda. Aliyezinyoa zote kwa wembe ataitesa bure. Huyo atafute pomedi ya kopo, yaani rangi nzito ya nyusi ya kupaka kwa brashi.

Kwenye rangi ndipo wengi wanapotea. Ngozi ya maji ya kunde yenye nywele namba 30 au 33, zile za kahawia yenye wekundu, inapokea penseli ya rangi ya Chocolate bila ubishi. Kwa 350, jaza nyusi kwa Chocolate, kisha gusa Auburn, ile yenye wekundu, kidogo upande wa puani tu. Auburn ikijaza nyusi nzima, juani inatoa wekundu kama ngozi iliyotoka kuchubuliwa. Mwenye ngozi nyeusi zaidi abaki na Espresso, kahawia iliyokolea, hata kwa 350. Namba 99J, ile damu ya mzee, nayo ni Espresso: wekundu ukizidi karibu na jicho, mtu anaonekana hajalala. Kwa 613, ile ya dhahabu, usihangaike kutafuta nyusi za rangi hiyo. Kwenye ngozi nyeusi zinapotea au zinakuwa kama zimepakwa chokaa. Chocolate kwa mkono mwepesi inatosha. Ash Brown iache dukani, ule ujivujivu wake unaifubaza ngozi yenye umanjano.

Upakaji una mpangilio wake. Mafuta ya uso au ya kukinga jua yasifike kwenye nyusi. Yakifika, yafute kwa tishu na upake poda kidogo sana. Chania nywele kwenda juu. Toa ncha milimita moja hivi, isizidi mbili, kwa sababu ikizidi inakatika, na iliyokatika hairudishiki. Anza chini, katikati ya nyusi, uelekee mkiani. Upande wa puani uje mwisho, kwa rangi iliyobaki kwenye ncha. Chania tena. Kwa joto la Dar, hasa Desemba hadi Machi, jasho la paji linaisogeza rangi, basi futa kwa kugonga, usisugue. Na usiiache kwenye gari lililoegeshwa juani: ncha inalainika na kuvunjika ndani ya mrija.

Unapokwenda kununua Kariakoo, beba kipande cha rasta zenyewe. Kishike kando ya nyusi, toka na kioo hadi mlangoni, angalia kwenye mwanga wa nje. Taa nyeupe za dukani zinaficha wekundu. Kujaribia mgongoni mwa mkono hakusaidii, mkono si rangi ya paji. Aliyepausha nywele zake mwenyewe asinunue siku ile ile ya saluni. Nywele nyeusi zikipauka hupitia wekundu na uchungwa kabla ya kufika njano, na rangi ya kutuliza uchungwa ikianza kuoshwa, uchungwa unarudi. Osha mara mbili tatu ndipo uchague.

Kuna wanaomwambia msusi azipake nyusi rangi iliyobaki kwenye bakuli. Hapana. Maelekezo ya rangi za nywele hukataza nyusi na kope, na rangi nyingi nyeusi, pamoja na piko, zina PPD, kemikali ya kutia rangi inayoweza kuleta mzio mkali. Hata kwa kichwa, jaribu tone nyuma ya sikio na usubiri saa 48.

Uso uliobaki hauhitaji mapinduzi. Ngozi haijabadilika, kwa hiyo faundesheni ni ile ile. Kununua nyeupe zaidi ili ifanane na 613 kunaacha mpaka shingoni na kwenye ukingo wa wigi. Ongeza uhai kwa blashi: rangi ya tofali kwa 30 na 350, zambarau iliyokolea kwa 99J. Mdomoni, nywele za shaba zinaelewana na kahawia yenye wekundu. Pinki yenye ubuluu inagombana nazo. Mwenye 99J asipake mdomo rangi ile ile ya nywele. Akolee zaidi, au aache mafuta ya kung'arisha peke yake.

Tunaipa penseli hii alama nzuri kwa wembamba wa ncha na uchaguzi wa rangi, na tunaikata kwa ujazo. Kama pesa ni ya penseli moja na nywele zako hubadilika kila mwezi, chukua Espresso: hata ukirudi namba 1 bado utaitumia. Chocolate pembeni ya nywele nyeusi tii hukwajuka.